Mausi isiyo na waya kwa kazi za kila siku: tuliopo Mtwara na Lindi tununue ipi?

BintiMikindani
Wakuu, habari za majukumu.

Nina steshenari hapa Mtwara mjini. Kazi ni zilezile za steshenari zote: kuchapa barua, kutengeneza wasifu wa wanaoomba ajira, kujaza maombi ya vyuo mtandaoni. Msimu wa korosho ukianza, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wananiletea madaftari yao, majina ya wakulima na kilo, niwaingizie kwenye Excel. Mkono haubanduki kwenye mausi toka nafungua mpaka nafunga.

Mausi za waya zimenishinda tabia. Waya unakatikia palepale unapotokea kwenye mausi, unabaki kuukunjakunja ukitafuta pembe inayoshika. Na kaunta yangu ni nyembamba, mteja akitua begi lake waya unavutwa na mausi inaishia chini. Nataka isiyo na waya. Sichezi magemu wala sichori ramani.

Nimezunguka maduka ya mjini, kila muuzaji ananitajia DPI. Huyu 1600, yule 3200, wa tatu ananiambia yake ni 6400 na bei ni ileile, tena inawaka taa za rangi. Kuna za kidude cha USB, kuna za Bluetooth, kuna yenye vyote viwili. Mwingine ananiambia chukua ya kuchaji, mwingine ya betri.

Laptopu yangu ya mtumba, ina matundu matatu ya USB, moja la bluu. Meza nimeifunika kioo. Bajeti sitaji kwanza, nikitaja mtanishauri bajeti badala ya mausi.

Naombeni muongozo.

PwezaMkavu
Mtwara kuchele! Nachukua kiti hapa nisubiri mafundi.

KoroshoGhafi
Dada usiumize kichwa. Mausi haina sayansi. Beba yenye DPI kubwa kuliko zote. Ya kwangu ni 3200, inakimbia balaa.

FundiWaChuno
KoroshoGhafi, huko kukimbia ndiko kunakomfanya mtu abofye "Futa" akitaka "Hifadhi".

Dada, ngoja nikueleze hiyo DPI ili kesho muuzaji asikusumbue. Ni idadi ya nukta ambazo mshale unahama mkono wako ukisogea inchi moja, yaani sentimita 2.54. Laptopu nyingi za mtumba zina skrini ya nukta 1366 kwa upana. Ukiwa na mausi ya DPI 1000, kuvuka skrini nzima toka kushoto hadi kulia ni mkono kusogea sentimita tatu na nusu. Ukiwa na 1600 ni sentimita mbili na ushee. Ukiwa na 6400 ni nusu sentimita. Piga chafya uone mshale umeishia wapi. Hapo hujagusa mpangilio wa kasi ndani ya Windows, ambao unaweza kuongeza au kupunguza utakavyo.

Namba kubwa zina maana kwa mwenye skrini kubwa za nukta nyingi, au mcheza gemu. Kwa Excel na Word, 1000 hadi 1600 inatosha na kubaki. Tena kwenye zile za bei ya chini mara nyingi hiyo namba imekuzwa na programu ya ndani, jicho lenyewe halina uwezo huo. Kwa hiyo DPI iweke pembeni kabisa. Swali langu la kwanza kwako ni hilo jambo ulilolitaja kwa kupita: kioo.

Chini ya mausi kuna taa na kamera ndogo mno. Ile kamera inapiga picha za uso wa meza, maelfu kwa sekunde, inalinganisha picha na iliyotangulia, ndipo inajua imehama upande gani na kiasi gani. Meza ya mbao ina vinyweleo na mikwaruzo, karatasi ina nyuzinyuzi, kitambaa ndiyo usiseme. Kioo safi hakina kitu cha kupigwa picha. Mausi inaruka, inakwama, mshale unatetemeka umeuacha peke yake. Watu wanarudisha mausi dukani wakidai mbovu, kumbe meza ndiyo haisomeki.

Zipo zinazosoma kwenye kioo. Logitech wana teknolojia wanayoiita Darkfield toka mwaka 2009, MX Master 3S na MX Anywhere 3 zote zinayo, na hata hizo wenyewe wanataka kioo kiwe na unene usiopungua milimita 4. Ila bei ya MX ukiiona utaamua kuvunja kioo. Weka padi. Kama padi hamna, kata karatasi ya manila, si unaiuza hapohapo? Bandika juu ya kioo upande wa mkono wako, tatizo kwisha.

BintiMikindani
Fundi, yaani umenielewesha. Ndiyo maana ile moja niliyojaribishiwa dukani ilikuwa inarukaruka nikaikataa! Kaunta yao ni kioo.

FundiWaChuno
Hasa. Ukienda tena omba uijaribu juu ya boksi lake. Boksi la karatasi linasomeka vizuri.

MwalimuWaZamu
Salaam kutoka Lindi. Nachangia kwenye betri, maana matokeo ya wanafunzi nayaingiza mimi na hili nimelikalia sana.

Chukua ya betri ya AA moja, zile za saa ya ukutani. Logitech M185 wanaiandikia miezi 12 kwa betri moja, M220 miezi 18, M330 miezi 24. Kwa matumizi ya mchana kutwa kama yako itapungua, lakini hata nusu yake ni sawa. Betri ikiisha unavuka barabara, duka la Mangi unapata nyingine, dakika mbili uko kazini. Ya kuchaji ikizima mchana na umeme nao hamna, na laptopu inakula chaji yake ya mwisho, utaichajia wapi?

NgongoJuu
Mwalimu shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Nami niko Lindi hapahapa. Ya kuchaji naichomeka usiku kwa chaja ya simu, sijui habari ya betri tena. Na ikipungua katikati ya kazi unachomeka waya unaendelea nayo.

MwalimuWaZamu
Marahaba. Unaendelea nayo kama tundu la chaji liko mbele. Apple na ujanja wao wote, Magic Mouse yao tundu liko tumboni, ukichaji inabidi uilaze chali. Na Wachina wengine wameiga hilohilo.

Halafu ile betri ya ndani si ya milele. Joto la huku pwani nalo linaimaliza, hasa ukiiacha dirishani juani. Ikifa, fundi afungue, atafute betri ya ukubwa uleule, aiunge. Mausi ya AA betri yake haizeeki nayo.

NgongoJuu
Sawa mwalimu, ila betri za AA nazo si zote. Zile za rangi rangi za bei ya bure zinavuja, zinakula na chuma cha ndani.

MwalimuWaZamu
Hilo kweli tupu. Nunua za alkalini, imeandikwa ubavuni. Zile za kaboni, kopo lake la nje la zinki ndilo linaloliwa wakati betri inafanya kazi, kwa hiyo kadiri inavyoisha ndivyo ukuta wake unavyokuwa mwembamba. Ukiisahau humo mwezi likizo, unakuta uji. Mimi shule zikifungwa naitoa betri kabisa.

DadaWaLigula
Samahani naingilia. Mie nafanya kazi zamu za usiku na nikirudi nyumbani namalizia ripoti mtoto kalala. Ile "tak tak tak" inamwamsha. Kuna zisizo na kelele?

FundiWaChuno
Zipo dada. M220 na M330 nilizozisikia zikitajwa hapo juu ndizo hizo, kubofya kwake karibu husikii kitu, unahisi tu kidole kimeingia. Siku hizi hata za majina yasiyojulikana zinaandikwa kimya, zingine kweli kimya zingine mdomo tu. Bofya dukani usikie mwenyewe. Ila wapo wasiozipenda, wanasema bila ule mlio hawana uhakika kama wamebofya.

BintiMikindani, sasa turudi kwako: kidude cha USB au Bluetooth.

Vyote viwili vinatumia mawimbi ya eneo moja, 2.4 GHz, ambako humohumo kuna Wi-Fi na hata oveni ya maikrowevu. Tofauti ni njia ya kuongea. Ya kidude inakuja na risiva yake, yaani hicho kidude chenyewe, unachomeka inafanya kazi, haiulizi chochote. Ya Bluetooth unaiunganisha kama unavyounganisha spika na simu, haikalii tundu la USB, na nyingi unaweza kuihamishia kwenye tableti.

Kwa steshenari nakushauri ya kidude, au yenye vyote viwili kama pesa inaruhusu. Sababu ni hizi. Laptopu za mtumba nyingi Bluetooth yake ni ya kubahatisha, kadi yake ni moja na ya Wi-Fi, na ukipakua faili kubwa kwa Wi-Fi ya 2.4 mshale unaanza kujikwaa. Windows nayo inapenda kuzima Bluetooth ili kubana umeme, ukiacha dakika kadhaa ukirudi mausi inachukua muda kuamka. Hilo linazimwa kwenye mipangilio ya kifaa, pale palipoandikwa kompyuta iruhusiwe kukizima ili kuokoa umeme, ondoa tiki. Na siku laptopu ikigoma kuwaka vizuri, mimi fundi nikitaka kuingia kwenye mipangilio ya ndani au kupiga Windows upya, mausi ya Bluetooth hainisaidii, maana wakati huo Windows haijaamka kuiunganisha. Ya kidude inafanya kazi toka mwanzo.

Sasa lile tundu la bluu. Hilo ni USB 3.0. Risiva usiichomeke hapo wala jirani yake kama unaweza kukwepa. USB 3.0 ikiwa inahamisha mzigo, mathalani umechomeka hadisiki ya nje au flashi ya mteja, inatoa kelele ya redio ambayo inaangukia humohumo kwenye 2.4 GHz. Si maneno ya vijiweni, Intel wenyewe waliandika mwaka 2012. Dalili yake utaijua: mausi iko sawa siku nzima, mteja akileta flashi unakopi, mshale unaanza kukwama. Ukitoa flashi unapona. Risiva iweke upande wa pili wa laptopu, au ichomeke kwenye kebo fupi ya kurefusha USB uisogeze mbali kidogo.

PwezaMkavu
Aisee!! Hili la flashi linanitokea mimi kila siku nikadhani ni virusi vya wateja.

KoroshoGhafi
Haya fundi, DPI nimekubali yaishe. Ila sasa niambie, mausi yangu hiyohiyo siku hizi nikibofya mara moja inafungua mafolda. Nikiburuta faili linadondoka njiani. Ni mawimbi hayo?

FundiWaChuno
Siyo mawimbi, hiyo ni swichi. Chini ya kitufe cha kushoto kuna swichi ndogo yenye kibati chembamba kinachogusa na kuachia. Kikichoka au kikipata kutu, mguso mmoja unakuwa miwili. Huku kwetu hewa ina chumvi na unyevu, vibati havina maisha marefu, na swichi za bei ya chini ndizo zinazotangulia. Ukimpata fundi mwenye mkono mwepesi anaibadilisha, swichi yenyewe bei ndogo. Swali ni kama mausi inastahili hela ya fundi.

Ndiyo maana namwambia dada wa watu: pesa yake aiweke kwenye swichi na umbo, asiiweke kwenye taa za rangi. Hizo taa kwanza zinakula betri.

MtiWaMkorosho
Mie karani wa AMCOS, Tandahimba. Natumia mausi ghalani wakati wa kupima. Kinachoua mausi kule ni vumbi. Linaingia kwenye lile tundu la jicho, unywele mmoja tu ukikaa pale mshale unacheza ngoma. Geuza, toa kwa pamba ya masikio kavu. Usipulize kwa mdomo, unaongeza mate.

Na jingine: raba. Zile mausi zilizopakwa raba laini ubavuni, nzuri dukani, baada ya muda kwa joto na unyevu wetu ile raba inayeyuka inakuwa nata, inashika uchafu mpaka inakuwa nyeusi. Ukiipangusa kwa spiriti inatoka, unabaki na plastiki tupu. Bora ununue plastiki toka mwanzo.

BintiMikindani
Mdau wa Tandahimba, kumbe nyie ndio mnaoniletea madaftari yenye vumbi!

MtiWaMkorosho
Hahaha, dada msimu ukifika nakuletea na ming'oko.

KulwaWaNachingwea
Wakuu, niko Dar kikazi ila kwetu Nachingwea. Naongeza mawili ambayo sijaona mtu kagusa.

La kwanza risiva. Risiva ya mausi nyingi za bei ya kawaida inajuana na mausi yake tu. Ukiipoteza, ile mausi ni jiwe. Hata M185 inayotajwa hapa kwa kawaida inakuja na risiva ndogo isiyo ya aina ya Unifying. Ile ya Unifying ina alama ya chungwa kama jua dogo, na moja inaweza kubeba vifaa hadi sita, ukipoteza unanunua nyingine unaiunganisha. Toka 2021 Logitech wana aina mpya inaitwa Logi Bolt. Hizi mbili hazichangamani, Bolt haisomi mausi ya Unifying na kinyume chake. Kwa hiyo anayekuuzia risiva peke yake muulize ni ipi.

Wengi wanapoteza risiva kwa kuichomoa kila jioni. Nyingi ni ndogo kuliko ukucha. Iache humohumo kwenye laptopu, haina kimo cha kukwama kwenye begi. Au ukiitoa irudishe tumboni mwa mausi, nyingi zina kijumba chake pembeni ya betri.

La pili usalama. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ilitoa taarifa ya udhaifu waliouita MouseJack. Mausi na kibodi kadhaa za risiva za makampuni mbalimbali, mtu aliye karibu mwenye kifaa cha redio cha bei ndogo angeweza kuiingilia risiva na kutuma maandishi kwenye kompyuta yako kana kwamba ni wewe unayechapa. Bluetooth haikuhusika na hilo. Makampuni makubwa yalitoa masasisho. Kwa steshenari ya Mtwara sikutishi, uwezekano ni mdogo, ila mwenye kuingiza taarifa za benki ajue. Na mausi isiyo na jina haina wa kukuletea sasisho.

NgongoJuu
Kulwa umetisha. Sasa feki tunazijuaje? Kuna mausi zina nembo ya Logitech zimejaa kila kona, bei nusu.

KulwaWaNachingwea
Kwa macho ni ngumu, boksi wanaiga mpaka wino. Nenda kwa kompyuta: fungua orodha ya vifaa kwenye Windows, tafuta risiva, angalia namba yake ya utambulisho. Ya Logitech inaanza na VID_046D. Ukikuta nyingine na boksi linasema Logitech, umeuziwa nembo. Feki aliyejipanga anaweza kuiga hata hiyo namba, kwa hiyo kuikuta hakukuhakikishii, lakini kutoikuta kunatosha kuirudisha.

Pia tukubaliane, feki si lazima iwe mbovu. Tatizo ni kulipia bei ya orijino.

MzeeWaShangani
Vijana, nimesoma wote. Kifundo cha mkono wangu kinauma tangu nistaafu nikaanza kuandika kumbukumbu zangu. Mausi niliyopewa na mjukuu ni ndogo kama kiberiti. Je, hilo lina uhusiano au ni uzee?

DadaWaLigula
Shikamoo mzee. Vyote vinawezekana, ila mausi ndogo inachangia. Mkono mkubwa ukishika kitu kidogo vidole vinajikunja, kifundo kinapinda juu, na unakiburuta kwa kifundo badala ya mkono mzima. Mausi ndogo zimetengenezwa kwa ajili ya safari. Kwa kukaa nayo saa nyingi tafuta inayojaza kiganja, kiganja kilale juu yake, kifundo kiwe sawa na mkono, kiwiko karibu na ubavu. Kama meza iko juu sana, ongeza mto kwenye kiti.

Zipo pia za kusimama wima, unaishika kama unampa mtu mkono. Logitech Lift ni mojawapo, imeinama nyuzi 57, wanayo na ya mkono wa kushoto. Ila mzee, kama vidole vinakufa ganzi usiku au vitu vinakuponyoka, hilo la hospitali, mausi haitibu. Njoo upimwe.

MzeeWaShangani
Marahaba mwanangu. Ganzi haipo, ni kuuma tu. Nitamwambia mjukuu.

PwezaMkavu
Kwani jamani tachipadi ya laptopu imekosa nini?

BintiMikindani
Jaza majina mia tatu ya wakulima kwa tachipadi halafu urudi hapa.

PwezaMkavu
Nimeelewa dada.

ShotoWaKilwa
Tunaotumia mkono wa kushoto je? Nikienda dukani zote zina tumbo upande mmoja, kidole gumba changu kinakaa hewani.

FundiWaChuno
Tafuta yenye pande mbili zinazofanana, M185 na M220 ziko hivyo, mkono wowote unashika. Kisha kwenye mipangilio ya mausi ya Windows badilisha kitufe kikuu kiwe cha kulia, ili kidole chako cha shahada ndicho kibofye. Kama mnatumia kompyuta hiyo watu wawili, mwambie mwenzio, la sivyo atakuja kwangu kuniambia mausi imerogwa.

BintiMikindani
Fundi, la mwisho kwangu. Kesho naenda dukani. Laptopu siwezi kuibeba, wateja watakuja. Nitaijaribuje mausi bila kompyuta? Yule wa mwanzo alisema kompyuta yake haina chaji.

FundiWaChuno
Simu yako ni Android? Beba kile kichomeko cha OTG, kile cha kugeuza tundu la chaji la simu kuwa tundu la USB. Wauza vifaa vya simu wanavyo, bei ya soda chache. Chomeka OTG kwenye simu, risiva kwenye OTG, washa mausi kwa swichi ya chini, subiri kidogo. Mshale utatokea kwenye skrini ya simu. Kama ni ya Bluetooth huhitaji hata OTG, unaunganisha moja kwa moja.

Sasa ifanyie hivi, juu ya boksi lake, siyo juu ya kioo. Izungushe polepole sana, kisha kwa kasi, uone kama mshale unafuata au unaruka. Zungusha gurudumu la katikati ukiwa kwenye ukurasa mrefu, ushuke mpaka chini, upande mpaka juu. Gurudumu bovu linarudi nyuma hatua moja katikati ya safari, na wewe wa Excel hilo litakutesa kuliko yote. Halafu bofya na ushikilie alama ya programu, iburute taratibu kuzunguka skrini nzima bila kuachia. Ikidondoka yenyewe, swichi ni mbovu hata kama imetoka kwenye boksi leo. Sogea hatua tatu nne nyuma na mausi, uone kama inashika. Mwisho itikise sikioni, kusiwe na kitu kinachogongagonga zaidi ya betri.

Na kabla hujalipa fungua kifuniko cha betri, hakikisha vibati vinang'aa, havina unga wa kijani wala mweupe. Mausi zinakaa stoo miaka humo madukani, zingine zimefungwa na betri ndani.

Muuzaji akikukatalia kujaribu, aga kwa heshima uende duka la pili.

BintiMikindani
Ubarikiwe mkuu. Wote mbarikiwe.

BintiMikindani
Mrejesho. Nimejaribu nne kwa OTG, muuzaji mwenyewe akashangaa, akaniomba nimfundishe. Ile ya 6400 yenye taa ilidondosha alama mara mbili nikiburuta. Moja gurudumu lilikuwa linarudi nyuma kama fundi alivyosema. Nimechukua ya AA moja, ya kidude, plastiki kavu bila raba, ya kimya, pande zote sawa ili na msaidizi wangu anayetumia kushoto aitumie. Risiva nimeiweka kwenye tundu jeusi upande wa kushoto. Manila nimebandika.

Muuzaji alitaka kunipa betri ya kaboni iliyokuwa ndani, nikaongeza hela nikachukua ya alkalini.

KoroshoGhafi
Hongera. Mie nimetoa betri kwenye yangu nikakuta unga mweupe umeganda kwenye springi. Inafaa bado?

MwalimuWaZamu
Betri yenyewe ilikuwa alkalini au kaboni? Soma ubavuni.

KoroshoGhafi
Alkalini.

MwalimuWaZamu
Basi kuna nafasi. Ule unga ni wa aina ya magadi, unatolewa na tindikali nyepesi. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi. Chovya pamba ya masikio kwenye siki au maji ya limau, ikamue isidondoke, pangusa springi. Itachemka kidogo, acha itulie, rudia. Kisha pangusa kwa pamba nyingine yenye spiriti, acha wazi ikauke mpaka kesho. Usimwage siki ndani, kuna bodi humo. Kama springi imeliwa mpaka imekatika, hapo mwone FundiWaChuno.

FundiWaChuno
Springi ninazo, nazitoa kwenye rimoti zilizokufa. Lete na ile swichi yako inayobofya mara mbili nikuangalizie kwa pamoja.